Papai, kasiksi na kakao: kuoza kunakolipa Beni na Butembo

Baba yangu alikuwa mnunuzi wa papaini, yaani utomvu mkavu wa papai bichi. Miaka ya 1970 na 1980, huku kwetu mashariki ya Kongo, ukitoka Beni kwenda Mangina, au ukiteremka Mutwanga kuelekea bonde la Semuliki, ulikuta mipapai imepandwa kwa mistari, na kila tunda bichi lina makovu meupe ya wima. Mgeni alidhani miti inaumwa. Kumbe ile ilikuwa karo ya shule, mabati ya nyumba na mahari ya vijana wa kijiji kizima.

Kazi ilianza alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, maana kukiwa na ubaridi utomvu hutoka kwa wingi. Mkulima alichanja tunda bichi mikato michache kutoka juu hadi chini, isiyozidi unene wa ganda, kwa wembe uliofungwa kwenye kijiti au kwa kipande cha mwanzi kilichonolewa. Chuma chenye kutu hakikutakiwa, kwani kiliyabadili maziwa rangi na kuyapunguzia nguvu. Utomvu ulidondokea kwenye kitambaa au plastiki iliyozungushwa shinani, ukaganda palepale. Baada ya siku kadhaa tunda lilelile lilichanjwa upande mwingine. Jambo ambalo wanunuzi hawakulisema sana ni vidole. Maziwa ya papai humeng'enya nyama, wala hayatofautishi nyama ya ng'ombe na ngozi ya mama anayeyakusanya. Wachanjaji wengi walikuwa na ncha za vidole zilizobanduka, nyekundu, zisizoweza kushika chumvi. Wengine walijifunga matambara, wengine walijipaka mawese kwanza.

Baba alikuja na mizani pamoja na chupa ndogo ya iodini aliyoinunua duka la dawa. Wapo waliochanganya unga wa muhogo ili mzigo uwe mzito. Alichukua chembe, akaidondoshea iodini, na ikigeuka buluu nyeusi mazungumzo yaliishia hapo. "Mama, hii ni bugali," alikuwa akisema, na watu wote walicheka isipokuwa mwenye mzigo.

Kutoka depo za Beni na Butembo mzigo ulisafiri mbali. Sehemu ilipita njia za serikali, sehemu ilivuka mpaka wa Kasindi usiku pamoja na kahawa na dhahabu, ikaingia Uganda na kuteremka hadi Mombasa. Mtafiti Vwakyanakazi Mukohya aliwachunguza wafanyabiashara wa Butembo wa zama hizo, akaonyesha jinsi walivyojenga mji wenye maghala na malori huku dola ya Rais Mobutu ikiwa imewapa kisogo. Amri ya Novemba 1973 ya kuwanyang'anya wageni mali iliacha mashamba mengi mikononi mwa watu wasiojua hata msimu wa kupalilia. Lakini mpapai hauhitaji mtaji wa mlowezi. Unaanza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi, na familia moja inaweza kuchanja miti yake yenyewe. Ndiyo maana Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa papaini duniani, na sehemu kubwa ya mzigo huo ikawa inatoka kwetu Kivu ya Kaskazini. Hata kampuni ya ENRA ya Beni, ambayo vijana wa leo wanaijua kwa mbao, herufi mbili za mwanzo za jina lake zinatokana na enzymes, yaani vimeng'enya.

Waliokuwa wakinunua huko mwisho wa safari ni watengenezaji wa bia. Bia ikipozwa sana hupata ukungu, kwa sababu protini za shayiri hushikana na tanini, na mteja wa Ulaya au Marekani huirudisha chupa akidhani imeharibika. Mwaka 1911 Leo Wallerstein, mkemia wa New York, alisajili hataza ya kuzuia ukungu huo kwa kutia vimeng'enya vinavyokata protini, papaini ikiwemo. Jina lenyewe la papaini lilikuwa limetolewa Paris mwaka 1879 na Adolphe Wurtz. Wengine waliinunua kwa ajili ya kulainisha nyama ya ng'ombe wazee, wengine kwa marhamu ya kusafisha vidonda. Mwaka 1982 Marekani iliruhusu kimeng'enya ndugu yake kidungwe katika uti wa mgongo wa watu wenye diski iliyochomoza. Baba hakuwahi kuambiwa hata moja kati ya haya. Aliambiwa bei tu.

Nafundisha biolojia na kemia katika sekondari moja hapa Butembo, na nimechukua muda mrefu kuelewa kwamba biashara ile haikuuawa na vita peke yake. Vita viliibana, ni kweli: barabara zilifungwa, wanunuzi wakakimbia, mipapai ikazeeka bila kupandwa upya. Lakini mbali na sisi, kulikuwa na kazi nyingine ikiendelea.

Ilianza na mahema. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilikuwa kwenye visiwa vya Solomon, na turubai, mikanda na nguo za pamba zilikuwa zikilika kwa kasi ambayo hakuna bohari ingeweza kuifukuzia. Mlaji alikuwa kuvu wa kijani. Sampuli yake ilichukuliwa kutoka kwenye turubai iliyooza, ikapewa namba QM6a, na mwanasayansi Elwyn Reese pamoja na Mary Mandels, kwenye maabara ya jeshi huko Natick, wakaligeuza swali. Badala ya kuuliza namna ya kumzuia mlaji, wakauliza anatumia nini kuila pamba. Pamba ni selulosi, na selulosi ndiyo mfupa wa kila mmea: bua la mahindi, ganda la kakao, mgomba ulioangushwa. Ikikatwa vipandevipande inakuwa sukari, na sukari inakuwa spiriti au chochote unachoweza kumfundisha kijidudu akitoe. Mwaka 1977 kuvu yule alipewa jina Trichoderma reesei kwa heshima ya Reese. Vizazi vilivyopigwa mionzi na kemikali, kisha vikachujwa kimoja kimoja, vilianza kutoa vimeng'enya vingi kuliko mzazi wao. Baadaye watu wakaacha kubahatisha kwa mionzi, wakaingia kwenye jeni zenyewe.

Hapo ndipo njia yao ilipokutana na ya baba. Ukishajua kumlea kuvu kwenye tangi la chuma na kumwongezea nakala za jeni unayoitaka, huhitaji tena mama wa Mangina mwenye vidole vilivyobanduka. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Uholanzi, DSM, ilianza kuwauzia watengenezaji bia kimeng'enya cha kuzuia ukungu wa ubaridi kinachotoka kwa kuvu mweusi Aspergillus niger, kuvu aliyeongezewa jeni yake mwenyewe ili aitoe kwa wingi. Ni kazi ileile ya hataza ya 1911. Viwanda vingine vilikuwa vimeshahamia kwenye poda za silika. Kisha mwezi Septemba 2008 serikali ya Marekani ikaamuru marhamu za papaini zisizo na idhini ziondolewe sokoni kwa sababu watu fulani walipatwa na mzio mkali. Papaini haikufa, bado kuna wanaochanja hapa kwetu, lakini mkoa ulioilisha dunia ukawa mkia wa foleni.

Sina kinyongo na kuvu mweusi. Ninachosema ni kwamba tuliuza nguvu ya kumeng'enya kama mtu anavyouza kuni, na aliyetushinda hakuwa na shamba kubwa kuliko letu. Alikuwa na mlaji hai, anayemjua, anayemlisha na kumzuia asiende kwa jirani. Na ajabu ni kwamba ujuzi wa kumlea mlaji hai haukuwa mgeni Butembo. Ulikuwa nyumbani kwa bibi yangu, Maboya, kwenye barabara ya kwenda Beni.

Bibi mzaa baba alipika kasiksi, pombe ya ndizi. Ndizi zake aliziivisha kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba, akafukiza moto kidogo pembeni, akafunika. Baada ya siku chache zilitoka njano, laini, zikinukia mpaka nyumba ya tatu. Zilimenywa, zikatiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi kali, zikakandwa hadi maji matamu yakajitenga na makapi. Nyasi hazikuwa pambo: ndizi ni ute mtupu, na bila kitu cha kuukata, ute haukubali kuachana na maji. Kisha alikaanga mtama, akausaga, akaumwaga juu, akafunika kwa majani. Kesho yake palikuwa na povu linalotembea lenyewe.

Ule mtumbwi haukuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Shangazi yangu mmoja, aliyetoka kusoma kwa masista, aliusugua mara moja kwa nia njema, na kasiksi ya wiki ile ikatoka chachu isiyonyweka. Bibi hakumgombeza. Alikwenda kwa jirani kuomba kibuyu chenye machicha ya kasiksi yake, akaupaka mtumbwi wote kwa mkono, ndani na nje, akauacha siku nzima kivulini. Leo nikieleza darasani kuwa hamira na bakteria hukaa ndani ya nyufa za mbao, kwamba chombo cha kuchachulia ni ghala la mbegu zisizoonekana, huwa nasimulia mtumbwi ule. Wanafunzi wangu wanahitaji kisa cha namna hiyo. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikakaa nasi mpaka Juni 2020 na kuua zaidi ya watu 2,200, kizazi kizima kilijifunza kuwa kitu kidogo kisichoonekana kazi yake ni kuua tu.

Kasiksi nayo ilipata adui mdogo. Mnyauko wa bakteria, ulioonekana Masisi mwaka 2001, ulipanda taratibu kuelekea kaskazini mpaka kwetu. Ukikata shina unaona usaha wa njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ndani zimeoza. Ndizi za pombe ndizo zilizoumia zaidi, kwa sababu wadudu wanaotembelea maua yao hubeba bakteria kutoka mgomba hadi mgomba. Mabwana shamba walihimiza kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda na kupitisha panga motoni. Waliosikia waliokoa migomba. Wanawake wengi waliokuwa wakisomesha watoto kwa kasiksi walibaki na vibuyu vikavu, na hilo halikuandikwa na mwanahistoria yeyote niliyemsoma, kwa kuwa pesa ya kasiksi haikupita ofisi ya forodha.

Kabla ya hapo kulikuwa na kifo cha kahawa ya robusta. Hapa ndipo historia yetu ya kilimo ilipopinda, na watu wa nje hawajui. Kuvu aitwaye Fusarium xylarioides alionekana mara ya kwanza mwaka 1927 katika nchi ya Oubangui-Chari, Jamhuri ya Afrika ya Kati ya leo, akafyeka kahawa za Afrika ya Kati kwa miongo miwili, kisha akatulia baada ya watafiti, wale wa kituo cha utafiti cha Yangambi wakiwemo, kupata miche inayomstahimili. Mashamba yalipoachwa yazeeke, akarudi. Miaka ya 1980 alikuwa kaskazini-mashariki ya Zaire, akashuka hadi Beni, na mwaka 1993 alithibitishwa Uganda. Anaingia kwenye mti, anakula kuta za mishipa ya maji kwa vimeng'enya vyake, anaiziba, na mti unasimama umekauka na matunda yake mekundu yakiwa bado kwenye matawi. Mjomba wangu wa upande wa Oicha alikata mibuni yake yote akaichoma. Alisema alichoma nyumba ambayo hakuwa ameijenga bado.

Miaka ya karibuni watafiti walioamsha vielelezo vya kuvu huyo vilivyogandishwa tangu miongo iliyopita walikuta jambo la kutia baridi. Baadhi ya jeni zinazomsaidia kushambulia zinaonekana kuwa alizipata kwa jamaa yake, Fusarium oxysporum, anayeua migomba. Nasi tulikuwa tukipanda migomba na kahawa pamoja, kivuli kwa kivuli. Kuhamisha jeni kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine, basi, hakukuanzia kwenye tangi la kampuni.

Mahali pa robusta iliyokufa palipandwa kakao. Mbegu hazikuwa ngeni kabisa, Wabelgiji waliacha miti hapa na pale, lakini kakao ya leo ya Beni ni mtoto wa miaka ya 2000. Kampuni ya ESCO Kivu iligawa miche na kufundisha wakulima. Mangina, Mabalako, Oicha, Mbau, Bulongo, Watalinga, kote paligeuka kijani kizito cha kakao. Mwaka 2013 kiwanda cha Theo cha Seattle kiliuza baa za chokoleti zilizotokana na kakao hii, na Mutwanga, kwa umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga, sasa kuna watu wanaotengeneza chokoleti palepale mbegu zinapochumwa.

Kakao iliturudisha kwenye mtumbwi wa bibi. Mbegu ikitoka kwenye ganda imefunikwa na ute mweupe mtamu wenye ukali wa limau. Ukiikausha hivyohivyo, ukaipasua, ndani ni zambarau na inachusha kinywa kwa uchungu mkavu. Hakuna chokoleti humo. Chokoleti inaanza kwenye sanduku la mbao lenye matundu chini, linalofunikwa majani ya mgomba. Siku ya kwanza na ya pili hamira zinakula sukari, zinavunja pektini ya ute, na maji yake yanachuruzika yakinuka pombe. Bakteria wa maziwa mgando nao wanapata sehemu yao. Kisha unapindua, unahamishia sanduku la chini, hewa inaingia, na bakteria wa siki wanaigeuza ile spiriti kuwa siki. Hapo joto linapanda hadi karibu nyuzi 50. Tia mkono katikati ya rundo siku ya tatu, utautoa haraka. Joto na siki vinaua kiini cha mbegu, kuta za ndani zinapasuka, vimeng'enya vya mbegu yenyewe vinaanza kukata protini na sukari, na kile kitakachonukia chokoleti kikikaangwa kinaumbwa. Siku tano, sita, wakati mwingine saba. Hakuna aliyetia kijidudu chochote: wako kwenye mbao, kwenye majani, kwenye panga, kwenye mikono.

Kipimo chake ni cha wazi kuliko iodini ya baba. Mnunuzi anahesabu punje 100, anazipasua kwa urefu kwenye ubao, anaangalia rangi. Kahawia yenye mifereji mifereji imechacha vizuri. Zambarau imeharakishwa. Ya kijivu kama jiwe la ubao wa shule haikuchacha kabisa. Nimeona mzee akitetea bei kwa dakika thelathini, halafu ubao unawekwa mbele yake na anakaa kimya, kwa sababu rangi haibishaniwi.

Siku sita ndizo zilizoibwa. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yalipoanza kuwasaga watu wa Beni, shamba la kakao limekuwa mahali pa kuingia kwa hesabu. Watu wanakwenda kwa kundi, wanachuma haraka, wanatoka kabla ya saa tisa. Wengine hawaendi tena, na mavuno yao yanachumwa na wenye silaha au na wezi wanaojifanya wenye silaha. Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa limeandika juu ya kakao hiyo inayovushwa Uganda. Bei ya dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, gunia likawa kishawishi cha kuua. Katika hali hiyo nani ataacha kakao kwenye sanduku siku sita, ikinukia pombe na siki mpaka barabarani? Wengi wanaiuza ikiwa mbichi jioni hiyohiyo, au wanaianika nusu nusu. Mnunuzi mdogo anailipa bei ya mbichi, kuchacha kunafanyika kwingine au hakufanyiki, na tofauti ya pesa inabaki kwa mwenye ukuta na mlinzi.

Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, waliofanya kazi kwenye mashamba ya Colombia, walitangaza kuwa wamechagua kundi dogo la hamira na bakteria, wakalitia kwenye kakao maabara, na kupata ladha ya kakao bora ya wakulima wale. Hawakuhitaji hata kubadili jeni. Waliwajua wafanyakazi wa sandukuni mmoja mmoja na kuwaalika wale tu wanaofaa. Kwa mkulima anayeharibikiwa na kakao kila msimu wa mvua hiyo ni habari njema, nami ningependa chachu ya namna hiyo ipatikane Beni kama mbegu za mahindi zinavyopatikana. Ila nimeshaona mara moja kitu kilichotoka kwetu kikijifunza kuishi kwenye tangi la mtu mwingine.

Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kipo hapahapa Butembo tangu 1989, na kina kitivo cha kilimo. Safari ya kwenda Bulongo siku yenye utulivu haichukui mchana mzima. Kinachotakiwa ni vijiti vya pamba safi, mirija, mtu wa kuandika ni sanduku gani na ni siku ya ngapi, na jokofu. Nilimweleza mwenzangu mmoja anayefundisha huko. Akasema mirija anayo, wanafunzi wenye hamu anao, na jokofu analo pia. Umeme wa kuliendesha usiku kucha ndio anaoutafuta.